Chuma Hakiungi Mfupa: Somo kuhusu Kuvunjika, Kupona na Upasuaji, kwa Mfano wa Chumbi, Rufiji

Kata ya Chumbi imo katika Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani, kusini mwa Mto Rufiji. Huko mifupa huvunjika kwa njia ambazo kila mkazi anazijua: kijana ameanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe, dereva wa bodaboda na abiria wake wamegongwa kwenye Barabara ya Kilwa, bibi ameteleza kwenye tope mbele ya nyumba wakati wa masika. Anayeanguka kutoka mtini huweza kuvunjika paja, kisigino au uti wa mgongo. Wa bodaboda mara nyingi huumia muundi, yaani mfupa wa mbele wa mguu kati ya goti na kifundo. Bibi huvunjika kifundo cha mkono au shingo ya fupa la paja, kwa kuwa mifupa ya uzeeni imepungua uzito na uimara.

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, majeruhi aliyehitaji kupelekwa Dar es Salaam alisubiri pantoni katika kivuko cha Ndundu. Siku hizi gari huvuka mto kwa dakika chache, lakini Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, bado iko mbali kwa zaidi ya kilomita 150. Mkazi wa visiwa vya delta ana safari nyingine kabla ya hiyo, kwani mashua haitoki mpaka maji yajae.

Katika umbali huo ndugu wa mgonjwa huulizana maswali mawili. La kwanza ni kama wampeleke kwa mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa, ambaye yuko karibu na hulipwa kidogo kidogo, au hospitali. La pili huulizwa kwa sauti ya chini: je, ni lazima atiwe chuma? Makala hii inajaribu kuyajibu yote mawili kwa kuanzia kwenye jambo ambalo halielezwi vya kutosha katika wodi zetu, nalo ni kwamba hakuna mtu anayeunga mfupa. Mtaalamu wa jadi hauungi, plasta haiuungi, wala daktari bingwa hauungi. Mfupa hujiunga wenyewe. Tunachogombea sisi wengine ni mazingira ambamo utafanya kazi hiyo.

Mfupa unavyojiunga

Watu wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu, kama ule unaobaki sahanini. Mfupa ulio mwilini una damu, una mishipa ya fahamu, na una chembe hai zinazoujenga na kuubomoa kila siku. Unapovunjika, mishipa yake ya damu hukatika, na damu hujaa na kuganda kati ya ncha mbili. Bonge hilo la damu si uchafu wa kukandwa mpaka litoke. Ndilo shamba ambalo chembe za ujenzi huotea. Katika siku za kwanza mwili huleta uvimbe, joto na maumivu, na kupitia uvimbe huo huletwa pia chembe za kusafisha na za kujenga.

Kati ya wiki ya pili na ya tatu, tishu laini na gegedu huanza kuziba pengo. Mgonjwa huhisi maumivu yamepungua na ncha za mfupa hazigongani tena. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huo bado si mfupa. Ukiukanyagia utapinda au utaachana. Chokaa huanza kuingia polepole, na kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili daraja gumu huonekana kwenye eksirei kama wingu jeupe linalozunguka mvunjiko. Baadaye, kwa miezi na hata miaka, mwili huchonga daraja hilo, ukiondoa palipozidi na kuimarisha panapobeba uzito. Kwa mtoto uchongaji huu una nguvu kubwa, na mfupa uliopinda kiasi unaweza kunyooka wenyewe kadiri anavyokua. Lakini hata kwake mfupa uliojizungusha haunyooki.

Muda hutegemea mfupa na mwenye mfupa. Kifundo cha mkono cha mtu mzima huhitaji takribani wiki sita. Fupa la paja na muundi huhitaji miezi mitatu hadi mitano, pengine zaidi. Mtoto mdogo huunga kwa karibu nusu ya muda huo. Pande nyingi za Afrika husimuliwa habari za waungaji wanaomvunja kuku mguu siku moja na mgonjwa, wakisema kuku akitembea, mgonjwa naye atatembea. Kuku hutembea baada ya wiki chache kwa kuwa mfupa wake ni mdogo na mwembamba. Mwenye paja lililovunjika akimfuata kuku atakanyagia mfupa ambao bado ni gegedu.

Ili kazi hiyo ikamilike, damu lazima ifike mahali palipovunjika, ncha za mfupa ziwe zimekaribiana na kunyooka, na mtikisiko uwe wa kiasi. Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Mtikisiko mkubwa hukata kila siku nyuzi changa ambazo mwili umefuma usiku, na mfupa hubaki na kiungo bandia, mahali panapopinda pasipo goti wala kiwiko. Lakini mtikisiko mdogo sana, wa kiasi cha uzito unaopita mguuni mgonjwa anapokanyaga taratibu ndani ya plasta au juu ya msumari, huuchochea mfupa ujenge. Ndiyo sababu daktari huyohuyo aliyesema usikanyage mwezi wa kwanza husema ukanyage mwezi wa pili, naye hajajipinga.

Sumu na upungufu vinaweza kuharibu haya yote. Tumbaku hubana mishipa midogo ya damu na huchelewesha kuunga. Mgonjwa wa muundi anayevuta sigara aambiwe hivyo waziwazi. Kisukari kisichodhibitiwa hufanya vivyo hivyo. Kuhusu chakula, ndugu hupenda kuleta supu ya makongoro kwa imani kwamba kwato na kano za ng'ombe zitakwenda moja kwa moja kwenye mfupa wa mgonjwa. Haziendi huko, tumbo huzisaga kama linavyosaga nyama nyingine yoyote. Lakini ni chakula, na mgonjwa anayelala miezi miwili akila ugali na chai ana shida kubwa kuliko anayekunywa makongoro. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, samaki, mayai, maharage, karanga na mboga za majani hutoa protini na chokaa anayoihitaji.

Mfupa uliotoboa ngozi

Muundi una bahati mbaya ya mahali ulipo. Upande wake wa mbele hauna nyama, na kati ya mfupa na ngozi hakuna kitu; pitisha kidole utauhisi wote, kutoka gotini hadi kifundoni. Kwa hiyo unapovunjika kwa kishindo mara nyingi hutoboa ngozi, na kwa kuwa nyama ni chache, damu ya kuuponya nayo ni chache.

Mvunjiko wa wazi, yaani ule ambao jeraha lake linafika kwenye mfupa, ni ugonjwa tofauti na mvunjiko uliofunikwa. Tundu linaweza kuwa dogo kama punje ya mahindi, na ndugu wakasema ni mchubuko tu. Lakini kupitia tundu hilo udongo wa barabara umeingia hadi kwenye uboho. Wadudu wakikaa ndani ya mfupa uliokosa damu, dawa haiwafikii. Usaha hutoka na kukauka, hutoka na kukauka, kwa miaka. Wengi wa wagonjwa hao hawakupoteza mguu siku ya ajali. Huupoteza baadaye, baada ya upasuaji mwingi na baada ya shamba kuuzwa.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba jeraha la namna hii ni lazima lisafishwe chumba cha upasuaji ndani ya saa sita. Tafiti za baadaye hazikuithibitisha sheria hiyo kama ilivyosemwa. Kusafisha ndani ya saa 24 kwa majeraha mengi kunakubalika, ingawa jeraha lililojaa kinyesi, tope la shambani au maji ya mto haliruhusiwi kungoja. Kinachoonekana kuwa na uzito mkubwa ni dozi ya kwanza ya antibayotiki, ambayo inapaswa kutolewa mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja, na isichelewe kupita saa tatu.

Mhudumu wa zahanati asome tena sentensi hiyo, kwa sababu inabadilisha cheo chake. Daktari bingwa wa Dar es Salaam hawezi kutoa dozi hiyo kwa wakati. Mgonjwa anapomfikia, saa tatu zimekwisha, na pengine na usiku mzima. Ni mtu mmoja tu anayeweza: yule aliye katika zahanati au kituo cha afya cha karibu, mwenye kichupa cha seftriaksoni au sefazolini kabatini. Mara nyingi mgonjwa hufika hospitali ya rufaa na karatasi iliyoandikwa vizuri, lakini hajachomwa sindano, kwa fikra kwamba matibabu huanza huko anakopelekwa. Kwa maoni ya mwandishi, kichupa hicho kina thamani kuliko mwendo wa gari la wagonjwa.

Mambo ya saa ya kwanza hayahitaji chumba cha upasuaji. Kwanza mtazame mtu mzima kabla ya mguu: anapumua, anatoka damu wapi, ana fahamu? Paja lililovunjika linaweza kuficha lita moja hadi moja na nusu ya damu ndani ya nyama bila tone kuonekana nje, kwa hiyo kijana mwenye paja lililovimba, jasho la baridi na mapigo ya haraka anahitaji maji ya mshipani kabla ya safari. Jeraha limwagiwe salaini nyingi ili kuondoa uchafu unaoonekana, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowa salaini, lisifunuliwe tena na kila anayefika kutaka kuona. Mfupa uliochomoza usisukumwe ndani kwa kidole. Lakini mguu uliopinda hadi ngozi imekuwa nyeupe na mapigo ya unyayoni yamepotea unyooshwe taratibu, kwa dawa ya maumivu, kwa sababu hapo mshipa wa damu umekunjwa na kungoja ni kuupoteza mguu. Mpe antibayotiki na kinga ya pepopunda kwa mujibu wa mwongozo wa matibabu wa taifa, andika saa uliyotoa, kisha funga mabanzi.

Banzi zuri hushika kiungo kilicho juu ya mvunjiko na kilicho chini yake. Kwa muundi, lianzie juu ya goti na lipite kifundo. Ubao, fito zilizofungwa kanga au mto uliokunjwa vinatosha, mradi vimewekewa kitu laini penye mifupa inayochomoza. Banzi huondoa maumivu kuliko vidonge vingi, hupunguza damu inayomwagika ndani, na huzuia mvunjiko uliofunikwa usije ukawa wa wazi njiani. Hilo la mwisho si nadharia kwa mgonjwa anayebebwa mshikaki kwenye pikipiki, mguu ukining'inia. Akosapo gari, ni afadhali angoje gari juu ya kitanda cha kamba, akiwa amefungwa banzi na amekwisha kuchomwa sindano, kuliko kukimbizwa hivyo.

Kamba iliyokaza

Si haki kuzungumza juu ya waungaji wa jadi kana kwamba wote ni wadanganyifu. Mvunjiko uliofunikwa, usiohama, wa mkono wa mtoto utaunga kwa fito na vitambaa kama unavyounga kwa plasta, na wapo wazee wenye vidole vinavyotambua mfupa uliokaa vibaya. Mafanikio yao ni ya kweli, na sababu yake tumekwisha kuieleza: mfupa hujiunga wenyewe. Hatari yao iko mahali pawili. Ya kwanza ni jeraha la wazi, ambalo majani na mafuta hayawezi kulisafisha. Ya pili ni kamba.

Mguu uliovunjika huvimba kwa siku mbili tatu za kwanza. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya mifuko ya utando isiyotanuka, na uvimbe ukiongezeka ndani yake, au kamba ikikazwa juu yake, mgandamizo hupanda mpaka damu ishindwe kuingia kwenye nyama. Misuli iliyokosa damu kwa takribani saa sita huanza kufa bila kurudi. Plasta ya hospitali, ile ambayo mitaani huitwa hogo, inaweza kufanya kosa hilohilo ikifungwa ikazunguka mguu mzima siku ya kwanza. Hapo hatuna cha kujisifu mbele ya wazee.

Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi ukubwa wa jeraha, yasiyotulia kwa dawa, na yanayopanda vikali vidole vya mguu vinapokunjuliwa na mtu mwingine. Ganzi, baridi, weupe na kukosa mapigo huja kwa kuchelewa, na anayengoja mapigo yapotee ndipo aamini, amengoja mno. Tiba ya kwanza iko mikononi mwa yeyote: legeza au kata kila kilichofungwa, mpaka kwenye ngozi, na uweke mguu usawa wa moyo. Maumivu yasipopungua upesi, mgonjwa anahitaji kupasuliwa utando siku hiyohiyo. Muuguzi wa zamu ya usiku asimwambie mgonjwa wa plasta anayelia kwamba maumivu ni kawaida kwa aliyevunjika.

Ethiopia walijaribu njia ambayo ingefaa kufikiriwa hapa kwetu. Badala ya kuwakemea waungaji wa jadi, waliwakusanya kwa mafunzo ya siku moja kuhusu kufunga bila kukaza na dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba baada ya mafunzo hayo visa vya viungo kuoza vilipungua kwa takribani nusu. Siku moja tu, na bila mashine.

Kazi ya chuma

Sasa twende kwenye swali la sauti ya chini. Mivunjiko mingi haihitaji chuma. Plasta inatosha pale ambapo mfupa umekaa sawa na hautahama, na watoto wengi hupona hivyo. Chuma huhitajika mvunjiko unapoingia ndani ya kiungo, unapokataa kutulia, unapokuwa wa wazi na mkubwa, au unapokuwa katika mfupa ambao kuungoja kitandani kuna hatari kuliko kisu.

Fupa la paja la mtu mzima ni mfano wa hilo la mwisho. Unaweza kulitibu bila upasuaji, kwa kuuvuta mguu kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, kwa wiki nane hadi kumi na mbili. Mfupa mara nyingi utaunga, pengine umefupika au umepinda. Lakini hesabu na mengine: vidonda vya mgongoni, damu kuganda kwenye mishipa, goti kukakamaa, msimu wa kulima kupita, na ndugu mmoja aliyeacha kazi yake kumuuguza. Shingo ya fupa la paja la bibi ni jambo zito zaidi, kwani kulala chali kwa miezi kwa mtu wa umri huo mara nyingi humaliza maisha kabla mfupa haujaunga.

Mwaka 1939, katika mji wa Kiel, daktari Mjerumani Gerhard Küntscher aliingiza fimbo ya chuma katika uwazi wa uboho wa fupa la paja, na fimbo hiyo ikabeba mzigo wakati mfupa ukijiunga kuizunguka. Ndiyo asili ya msumari wa mfupa wa leo. Misumari ya kisasa hufungwa kwa skrubu juu na chini ili mfupa usijizungushe wala kufupika. Ugumu ulikuwa kuyapata matundu ya skrubu yaliyojificha ndani ya mfupa, kazi ambayo katika nchi tajiri hufanywa kwa mashine ya eksirei inayoonyesha picha wakati upasuaji ukiendelea. Shirika la SIGN la Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, lilitengeneza msumari wenye mkono wa nje unaomwelekeza mpasuaji penye tundu bila mashine hiyo. MOI ni miongoni mwa taasisi zinazoutumia.

Katika MOI pia ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambao wagonjwa zaidi ya 200 wenye mvunjiko wa wazi wa muundi waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likawekewa msumari ndani ya mfupa, jingine fremu ya nje inayoshikwa kwa pini zilizopita kwenye ngozi. Baada ya mwaka mmoja, vifo na kurudia upasuaji kwa sababu ya usaha, kutounga au kupinda havikutofautiana kiasi cha kuthibitika. Hata hivyo miguu ya wenye misumari ilinyooka vizuri zaidi, na katika wiki ya sita walieleza hali bora ya maisha. Kwa jeraha ambalo ngozi yake haiwezi kuzibwa, fremu ya nje inabaki na nafasi yake. Kwa mengine, anayeogopa msumari na kuomba fremu ajue kwamba usaha hauzuiwi kwa kuchagua chuma cha nje. Huzuiwa kwa usafi wa jeraha na kwa ile sindano ya saa ya kwanza.

Baada ya kurudi nyumbani

Mgonjwa wa msumari wa paja kwa kawaida husimamishwa kwa magongo siku moja au mbili baada ya upasuaji, na kukunja goti huanza hapohapo. Nyumbani Chumbi goti lisilokunjika halitaruhusu kukaa mkekani, kutumia choo cha shimo, kusujudu wala kuingia kwenye mtumbwi, kwa hiyo mazoezi yafanywe hata yakiuma. Maumivu ya mazoezi hupungua mtu akipumzika. Yasiyopungua, yakifuatana na homa, wekundu au majimaji kutoka penye mshono, yampeleke hospitali siku ileile, na asianze kwa kununua vidonge dukani.

Eksirei za marudio huwa karibu wiki ya sita na ya kumi na mbili. Hizi ndizo wagonjwa wa mbali huziacha, kwa sababu ya nauli na kwa sababu mguu hauumi tena. Yafaa kumwomba daktari, siku ya kuruhusiwa, kama picha inaweza kupigwa hospitali ya wilaya na kutumwa, badala ya mgonjwa kusafiri nayo. Na aliyeshindwa gharama aonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuruhusiwa, si baada ya kutoroka wodini. Mvunjiko ambao kwa miezi tisa haujaunga, na ambao picha zake hazionyeshi mabadiliko kwa miezi mitatu, huhesabiwa kuwa umeshindwa, na kwa kawaida hauponi kwa kuungojea zaidi. Unahitaji upasuaji mwingine, mara nyingi kwa kuchukua mfupa kutoka nyongani na kuupandikiza.

Msumari wenyewe hauna haja ya kutolewa kwa watu wazima wengi. Ni chuma kisichopata kutu, hakizuii uzazi wala hakiozi. Hutolewa ukileta usaha, ukichomoza na kuuma, au mgonjwa akitaka baada ya mfupa kukomaa, jambo ambalo kwa paja huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili.